Samaki wa Nchi Kavu

Kijana mmoja alirudi nyumbani Dodoma baada ya kufanya vibarua katika mashamba ya chai ya Rungwe, mkoani Mbeya. Akiwa huko alimwona mtu akivua mtoni kwa namna ambayo yeye hakuwahi kuiona. Mtu yule hakuwa na wavu. Hakuwa na mgono. Hakuwa hata na kopo la nyungunyungu. Alishika ufito mrefu mwembamba wenye mshipi. Mwisho wa mshipi palikuwa na ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege kwa uzi. Aliurusha mshipi nyuma na mbele hewani, kama mchungaji anayepiga mjeledi, na ile ndoana ikatua juu ya maji polepole kama mdudu. Samaki akaruka, akaidaka.

Kijana aliponikuta kijijini aliniuliza: "Bwana shamba, nataka kujifunza uvuvi ule. Mto wenye samaki wale ulio karibu na Dodoma ni upi?"

Watu waliokuwepo walicheka. Sisi wa uwanda huu tunajulikana kwa ng'ombe, mtama, uwele na mlenda. Mito yetu mingi ni makorongo ya mchanga, na watoto huchezea humo miezi saba au minane ya mwaka. Lakini swali la kijana si la kuchekwa. Jibu lake fupi ni hili: karibu na Dodoma hakuna mto wa samaki wale. Jibu refu lina faida zaidi, maana samaki wengine wapo, tena si wachache.

Samaki wa maji baridi

Samaki aliyemwona kijana anaitwa trauti. Si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Asili yake ni mito ya baridi ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini. Wakati wa ukoloni Waingereza walitamani kuvua huku kama walivyovua kwao, wakaleta mayai yake. Huko Kenya, mwaka 1905, trauti kutoka Uskoti walitiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye trauti walipandikizwa Tanganyika pia, katika vijito vya mlima Kilimanjaro, mlima Meru na milima ya Mbeya.

Tazama majina hayo. Yote ni ya milima. Hilo halikutokea kwa bahati. Trauti hustawi katika maji yenye nyuzi joto 10 hadi 18. Maji yakipita nyuzi 20 anaanza kutaabika. Yakikaribia 25 anakufa. Sababu yake ni hewa. Maji ya baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya vuguvugu, na trauti anahitaji hewa nyingi, kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Tena hutaga mayai yake katika changarawe safi, mahali maji yanapopita mbio. Tope likiyafunika mayai, yanakosa hewa na kuharibika.

Kwa hiyo mtu anayetafuta mto wa trauti asianze kwa kutafuta samaki. Aanze kwa kutafuta mlima mrefu. Kisha atafute msitu, kwa sababu msitu hutunza maji na kuyatia kivuli. Kisha atafute kijito kinachotiririka juu ya mawe mwaka mzima, hata Septemba na Oktoba. Atumbukize mkono na kuhesabu hadi mia moja. Vidole vikifa ganzi, hapo panafaa kuulizia.

Sasa pima nchi yetu kwa kipimo hicho. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua lake tunalijua. Mvua yetu kwa mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi, nayo huanza Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo mto hubaki chini ya mchanga, na mtu huchimba ili apate maji. Trauti hawezi kuishi hapa hata siku moja. Wa upande wa Arusha na Kilimanjaro wako zaidi ya kilomita 400 kutoka Dodoma, na wa upande wa Mbeya wako zaidi ya kilomita 500. Anayetaka kwenda huko aulize kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya anayoiendea. Vijito vingine vimo ndani ya hifadhi, na vingine vimepoteza msitu wake na ubaridi wake.

Maji ya kichuguu

Chukua ndoo ya maji uyamwage juu ya kichuguu. Utaona maji yanagawanyika. Mengine yanakwenda huku, mengine kule. Uwanda wa Dodoma uko hivyo hivyo. Mvua ikinyesha, maji yake huenda njia tatu.

Maji ya mashariki huingia mto Kinyasungwe. Mto huo hupita Gulwe, huingia ziwa Gombo, hutoka huko ukiitwa Mkondoa, kisha huungana na Wami mpaka Bahari ya Hindi. Maji ya kusini huenda Ruaha Mkuu, na kutoka huko huenda Rufiji. Lakini maji ya mto Bubu, ambao unatoka nyanda za juu za kaskazini na kupita Kondoa, hushuka mpaka Bahi na kuishia pale pale. Hakuna mto unaotoka Bahi kwenda baharini. Maji hukaa yakinywewa na jua.

Asiidharau mtu mito hii kwa sababu ni mikavu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 maji yalikata na kubeba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mto ule ule ambao mbuzi waliuvuka Oktoba bila kulowa kwato.

Nayaeleza haya kwa sababu mvuvi anayeanza hufikiri kwamba kazi yake ni kumjua samaki. Kwetu kazi ya kwanza ni kuyajua maji. Katika nchi ya ukame samaki hana pa kwenda. Pale maji yanaposimama, naye husimama. Na kwenye uwanda huu maji husimama mahali patatu ambapo mtu wa Dodoma anaweza kufika kwa siku moja: Hombolo, Bahi na Mtera.

Hombolo, pa kujifunzia

Bwawa la Hombolo liko kiasi cha kilomita 40 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma. Lilijengwa mwaka 1957. Maji yake yana chumvichumvi, na wakulima wa bustani wanaijua shida hiyo. Lakini perege haoni taabu kwa chumvi kidogo. Anakua na kuzaa humo.

Anayeanza ningemtuma hapa kwanza. Ni karibu, na wapo wavuvi wa kuulizwa. Kata mwanzi mkavu au ufito usiovunjika, urefu wa mita tatu. Funga mshipi wenye urefu kama wa ufito wenyewe. Nunua ndoana ndogo. Nasisitiza ndogo. Perege ana kinywa kidogo, na vijana wengi hununua ndoana kubwa kwa kutamani samaki mkubwa. Samaki hula chambo pembeni, na kijana hubaki na ndoana yake. Boya usinunue. Kipande cha bua la mtama kinatosha. Chambo ni nyungunyungu, au kidonge cha ugali uliokandwa ukawa mgumu, ukubwa wa harage.

Fika alfajiri, au jioni jua likipungua. Tazama kivuli chako kinaangukia wapi. Kikiangukia majini, hama. Samaki akiona kivuli kinapita juu yake hudhani ni ndege mla samaki, naye hukimbia. Usipige miguu chini. Masikio yake huyaoni, lakini anahisi kishindo chako kama wewe unavyohisi lori likipita karibu na nyumba. Wapo vijana wanaokwenda bwawani na redio, wakaimba na kurushiana mawe. Wanarudi wamefurahi sana. Mboga hawana.

Na ile ndoana ya manyoya? Inaweza kujaribiwa. Perege chakula chake kikubwa ni majani madogo madogo ya majini na ukungu wa kijani, lakini hula na wadudu pia. Chukua manyoya laini ya shingo ya jogoo, yafunge kwenye ndoana ndogo kwa uzi mwembamba, yasiwe mengi. Iache izame polepole karibu na majani, kisha ivute kidogo kidogo. Kwa kambale usijisumbue. Kambale hutafuta chakula kwa kunusa na kwa sharubu zake, tena usiku. Yeye mpe utumbo wa kuku. Na kabla ya kwenda bwawani, jifunze kurusha mshipi uani. Toa ndoana, funga kipande kidogo cha kitambaa, weka ungo umbali wa hatua kumi, ujaribu kukitua kitambaa ndani ya ungo. Ukiweza mara saba katika kumi, uko tayari. Ukirusha ukiwa na ndoana kabla ya hapo utavua sikio la jirani.

Perege ana tabia moja ambayo kila mvuvi aijue. Dume huchimba shimo la duara kwenye maji ya kina kifupi, kama sahani. Jike huja akataga humo. Kisha huyachukua mayai yote mdomoni mwake na kuyabeba mpaka yaanguliwe. Wakati huo hali vizuri. Watoto wakishatoka huogelea karibu naye, na wakiona hatari hurudi mbio mdomoni mwa mama yao. Ukimtoa majini perege mwenye mayai au vitoto mdomoni, mrudishe upesi kwa mikono iliyolowa. Unapomweka ndani ya ndoo humchukui samaki mmoja.

Jambo la mwisho la Hombolo ni afya. Penye maji yaliyosimama na konokono panaweza kuwa na kichocho. Vua ukiwa mahali pakavu. Usisimame majini kwa miguu mitupu, na usiache watoto waoge humo. Anayeona damu kwenye mkojo aende zahanati. Dawa ipo, na kuona haya hakuponyi.

Bahi, ziwa linaloondoka

Bahi iko magharibi ya Dodoma, chini ya kilomita 60, kwenye barabara kuu na reli. Wengi wanaijua kwa mpunga. Mbele ya mashamba ya mpunga liko eneo kubwa la maji linaloitwa Sulunga. Wengine huliita bwawa, wengine huliita ziwa, wengine husema ni mbuga tu. Wote wana haki, inategemea umekwenda mwaka gani.

Mwaka wa mvua nzuri, maji hujaa mpaka macho yakachoka. Mitumbwi huonekana, na ndege wengi hutua. Mwaka wa mvua mbaya, pale pale utaona udongo uliopasuka na ng'ombe wakipita. Sababu ni kwamba Sulunga halina kina. Kwetu jua hukausha karibu mita mbili za maji kwa mwaka, na hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvua tunayoipata. Uji ukiumimina kwenye sinia hupoa na kukauka upesi kuliko ulio ndani ya chungu. Sulunga ni sinia.

Jambo la ajabu ni hili. Ziwa likikauka, halafu mvua ikaja ikalijaza, haipiti miezi mingi samaki wanaonekana tena. Nimesikia watu wakisema samaki wale hudondoka na mvua. Hawadondoki. Wametoka mahali.

Wengine wametoka mto Bubu, kwenye madimbwi ya juu ambayo hayakukauka. Wengine walikuwa pale pale. Kambale ana kiungo ndani ya kichwa kinachomwezesha kuvuta hewa hii tunayovuta sisi. Maji yakibaki machafu na machache, samaki wengine hufa lakini yeye hupanda juu, akavuta hewa, akarudi. Yakipungua zaidi hujificha ndani ya matope yenye unyevu. Usiku wa mvua anaweza kutambaa kwenye majani mabichi kutoka dimbwi hili kwenda lile. Mafuriko ya kwanza yakifunika majani, kambale hukimbilia huko kutaga. Mayai hunata kwenye majani, na maji yakiwa na joto huanguliwa kwa muda wa siku moja au siku moja na nusu. Ndiyo maana huonekana kana kwamba ameumbwa usiku.

Perege hana uwezo huo. Yeye ni lazima abaki ndani ya maji. Kidimbwi cha mwisho kikiwa na perege kumi, hao kumi ndio mbegu ya upande ule wa ziwa lote.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Novemba, nilikuwa pembeni mwa Sulunga kwa kazi ya mashamba. Maji yalikuwa yamebaki katika vidimbwi viwili. Cha juu kilikuwa na upana wa nyumba moja. Cha chini, kwenye kona yenye miti, kilikuwa kikubwa kidogo na cheusi. Vijana wanne walikuwa wamefika cha chini wakiwa na vyandarua vya mbu vilivyoshonwa pamoja. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele yao, fimbo mkononi.

"Mbukwa, bwana shamba," alinisalimu. "Umefika vizuri. Hawa wajukuu wanataka kumaliza."

Kijana mmoja akajibu kwa heshima, lakini akajibu. "Babu, maji haya yanakwisha. Wiki mbili tu hakuna kitu hapa. Samaki watakufa na ndege watawala. Je, si heri tule sisi?"

Wasomaji, hoja ya kijana si ya kijinga. Mtu mwenye watoto nyumbani, na ghala limebaki vumbi, akitazama samaki wanaohema kwenye tope, utamwambia nini? Mimi nilinyamaza nikamsikiliza mzee.

Mzee hakumkaripia. Alisema: "Mjukuu wangu, unachosema ni kweli kwa kidimbwi kile cha juu. Kile hukauka kila mwaka. Nendeni mkavue kile, mtoe wote, hata vidogo, maana watakufa kweli. Lakini hiki hakikauki. Tangu nilipokuwa nachunga ndama sijakiona kikikauka, isipokuwa mwaka mmoja. Chini yake kuna chemchemi ndogo. Ng'ombe wanaijua, ndiyo maana wanakuja kunywa upande huu na si ule. Samaki wa hapa hawafi. Hawa wanasubiri."

Kijana akauliza, "Sasa tule samaki wa kile tu? Ni wachache, babu."

"Ni wachache," mzee akakubali. "Na wa hapa chukueni kambale watatu kwa ndoana, kila nyumba mmoja kwa wenye watoto. Chandarua kisiingie."

Walibishana. Mmoja wa vijana wale hakuwa anafikiria watoto. Alikuwa na ndoo sita na pikipiki, naye alikuwa na mnunuzi mjini. Huyo ndiye aliyekasirika zaidi. Nilisema neno moja tu, kwamba sheria inakataza kuvua kwa chandarua. Yeye akacheka, akauliza sheria iko kilomita ngapi kutoka hapa. Mzee ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Mimi niko hapa hapa."

Vijana watatu walikwenda kidimbwi cha juu. Wa pikipiki aliwasha chombo chake akaondoka. Kama alirudi usiku sijui, sikulala pale.

Tofauti ile ya mzee ndiyo ninayotaka kila mvuvi wa uwanda huu aishike. Dimbwi linalokauka na dimbwi lisilokauka, kwa macho ya mgeni ni sawa. Mwenyeji ndiye anayejua. Anajua kwa kina cha tope, kwa miti iliyobaki na majani mabichi, kwa njia za ng'ombe, na kwa kumbukumbu za wazee. Kijiji kikikaa mkutano wakati maji yamejaa, kabla njaa haijaja, kinaweza kutaja madimbwi hayo kwa majina na kukubaliana ni yapi yaachwe Septemba mpaka mvua. Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa Novemba, umechelewa. Wakati huo kila mtu ana ndoo mkononi.

Watu wa Ugogo hawana haja ya kufundishwa maana ya mbegu. Njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, bado inasimuliwa. Mwenye nyumba anaweza kulala na njaa huku mbegu ya uwele inaning'inia juu ya moshi, na hakuna mgeni anayemwuliza kwa nini. Kwa samaki hatujazoea kufikiri hivyo, kwa sababu hatukuwapanda kwa mikono yetu.

Kwa anayeanza na ndoana, Bahi pafaa kuanzia Machi hadi Julai, mwaka ambao maji yapo. Vua kandokando ya majani. Tumia nyungunyungu kwa perege mchana, na utumbo kwa kambale jioni.

Mtera, maji makubwa

Milima ile ya Mbeya ina pande mbili. Vijito vya upande wa Rungwe huteremka ziwa Nyasa. Vijito vya upande wa kaskazini huteremka bonde la Usangu, huingia Ruaha Mkuu, na mwisho hufika Mtera. Kwa hiyo maji ya nchi ya trauti yanafika kwetu. Yakifika yamekwisha pata joto, na trauti hawezi kuja nayo. Perege na kambale wanayafurahia.

Bwawa la Mtera liko kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, karibu katikati ya barabara ya lami inayounganisha miji hiyo miwili. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuweka akiba ya maji kwa mitambo ya umeme ya Kidatu. Tangu mwaka 1988 Mtera ina mitambo yake pia, ya megawati 80. Likijaa, bwawa hili lina eneo la kilomita za mraba 600 hivi. Waliolijenga walifikiria umeme. Samaki walikuja na maji, na wavuvi wakaja na samaki, kutoka mikoa mingi. Msafiri akipita leo huuziwa samaki wa kukaanga kando ya barabara.

Hapa si mahali pa kujifunzia peke yako. Mtera kuna mamba na viboko, na watu wameuawa. Mamba hujifunza. Akiona mtu anakuja kila siku mahali pale pale, saa ile ile, kuchota maji au kuosha samaki, humngoja. Basi usioshe samaki pale unapovulia. Usisimame majini, hata maji ya magoti. Kaa hatua kadhaa kutoka ukingoni, na ukiona wavuvi wa pale wameliacha eneo fulani, usidhani ni wavivu. Kiboko usimzibie njia yake ya kurudi majini. Mtumbwi usiupande na mtu usiyemjua, na mchana upepo ukianza rudi nchi kavu.

Chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2003, uvuvi unahitaji leseni. Hata kama una ufito mmoja, pita kwanza kwa afisa uvuvi au viongozi wa kikundi cha ulinzi wa samaki wa mwalo ule. Watakuambia masharti na kama bwawa liko wazi wakati huo. Sumu, baruti, kokoro na vyandarua ni marufuku Mtera kama mahali pengine.

Mtera nayo ina hofu yake. Tangu mwaka 1993, kwa miaka mingi, Ruaha Mkuu umekatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, kwa sababu maji yanatumiwa mengi huko juu. Bwawa hushuka, ukingo husogea mbali, na wavuvi huhamisha kambi kufuata maji. Wakati huo samaki wamesongamana mahali padogo na ni rahisi sana kuwavua. Mgeni atafurahi na kusema Mtera ina samaki wengi mwaka huu. Muulize mvuvi mzee atakuambia mwaka wa samaki wengi ni ule ambao bwawa limejaa na nyavu zinarudi nyepesi.

Kwa anayetaka kuanza, mvua zikikatika Aprili au Mei ndiyo saa yake. Maji yametulia na watoto wa samaki wamekua kidogo. Hombolo unaweza kufika alfajiri na kurudi kabla jua halijawa kali. Chukua ufito, ndoana tatu, kopo la nyungunyungu, maji ya kunywa, na mtu mmoja wa kwenda naye. Samaki mpasue na kumsafisha mbali na bwawa, umtie chumvi hapo hapo, kwa sababu joto la Dodoma halimngojei mtu afike nyumbani.